Mjomba Alivyoiziba Injini Pumzi

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, na wapo walioniandikia kuuliza kama nimedisko. Hapana jamani, sijadisko, bado nipo Chang'ombe, bado nasoma ualimu wa fizikia na hisabati, na bumu bado linaisha kabla mwezi haujafika katikati kama kawaida. Kilichonifanya ninyamaze ni jambo la nyumbani. Nilikuwa naona aibu kuliandika. Leo nimeamua, maana likikaa moyoni bila pa kutokea linageuka ugonjwa, na mtaona wenyewe kwa nini nasema hivyo.

Wanaoifuata shajara hii wanajua kwamba hosteli sikai. Nakaa kwa Mjomba, Mtoni Kijichi, nakuja chuoni kwa daladala. Bodi ya Mikopo inanilipia sehemu ya ada, iliyobaki anatoa Mjomba. Na Mjomba hana mshahara, ana Fuso. Ni tipa, injini ya silinda sita yenye tabo, anabeba kokoto kutoka Lugoba kuja Mbagala na Kigamboni. Kwa hiyo ukiniuliza ada yangu inatoka wapi, nitakujibu inatoka kwenye tabo. Fuso likisimama wiki mbili, na mimi naanza kuhesabu kama nitaufanya mtihani ama la.

Kwenye hilo Fuso tanboi alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, wa Rangi Tatu. Hapa nitamwita Dogo tu. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, Mjomba akamchukua ili ajifunze gari. Ni mtoto mtulivu. Kila asubuhi kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchomoa stiki ya oili, kuifuta kwa kitambaa, kuichovya tena na kusoma.

Basi bwana, mwezi wa kwanza Mjomba alirudi nyumbani kanuna. Kuna yadi moja anakoshushia mzigo walimwambia lori lake linadondosha oili kwenye sakafu yao, akija tena hivyo hafunguliwi geti. Ile oili ilikuwa inatoka kwenye mpira mmoja mweusi unaoshuka pembeni ya injini na kuishia chini ya chesisi. Tone moja moja, na moshi kidogo kama pumzi ya mtu wakati wa baridi kule Njombe. Jioni ile Mjomba aliniomba kisu. Nikampelekea nyuma ya nyumba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachonga kipande cha mpini wa fagio letu la zamani, lile la rangi ya bluu. Sikuuliza kitu. Ukikaa kwa watu unajifunza kutouliza uliza.

Tone likakata. Yadi wakafungua geti. Mambo yakawa shwari, au tuliona hivyo.

Wiki ya pili Dogo akaanza kusema oili inapungua. Anaongeza, safari mbili tatu stiki inashuka tena. Akasema pia kwamba gari likikaa sailensa muda halafu likanyagwa mafuta, linatoa moshi wa bluu. Mjomba akapiga hesabu zake: chini hakuna tone hata moja, sasa oili inakwenda wapi? Kama haidondoki, basi inauzwa. Hesabu hiyo ukiiangalia haraka haraka inaonekana imekaa sawa kabisa. Na mnajua sifa za matanboi wetu mjini, dumu la oili kuuzwa njiani si habari ngeni.

Dogo alifukuzwa siku ya Jumamosi, mbele ya watu, na neno mwizi likatajwa. Mama mkubwa akaacha kupokea simu za Mjomba. Ndugu wa tumbo moja hao, wakawa wanapishana msibani kama hawajuani.

Akaja tanboi mpya, mtu mzima. Oili ikaendelea kupungua vilevile. Mjomba hakusema kitu. Halafu sili ya nyuma ya kranki ikaanza kuvuja, ile iliyo kati ya injini na gia boksi. Kuibadilisha siyo mchezo, lazima ushushe gia boksi. Ikabadilishwa. Haikumaliza wiki tatu, ikavuja tena, safari hii oili ikaingia mpaka kwenye klachi, gari likawa linateleza kwenye vilima. Fundi wa kwanza akaja, akafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, akakigeuza na kukiweka juu ya tundu. Kikaruka. Akasema, "Unaona? Injini inapumua. Ringi zimekwisha, laina zimekwisha. Hapa ni oveholi tu." Akataja hela. Sitaiandika hapa, ila usiku ule Mjomba aliniita sebuleni akaniambia, "Mama, huenda ukaahirisha mwaka. Nivumilie."

Sikulala.

Jumamosi iliyofuata tukaenda kwa mzee mmoja fundi, Tandika, gereji yake iko chini ya mwarobaini. Nilimsindikiza Mjomba kwa sababu ukweli ni kwamba nilitaka kuiona mwenyewe hiyo injini inayoninyang'anya mwaka. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba binti, karibu, angalia usikalie grisi."

Yule mzee hakushika spana. Aliuliza maswali kwanza, kama daktari. Oili ilianza kupungua lini? Moshi rangi gani? Sili imebadilishwa mara ngapi? Halafu akasema jambo lililonikaa kichwani: "Sili mpya haivuji mara mbili hivi hivi. Ikivuja mara mbili, usiiulize sili, uliza kinachoisukuma."

Wasomaji ambao injini siyo mambo yenu, nipeni dakika mbili nivae kanzu ya ualimu. Ndani ya silinda, mafuta yanapolipuka, mgandamizo unapita mara 100 ya ule wa hewa tunayovuta hapa nje. Tairi la lori tunalolijaza paundi 110 ni kama mara saba na nusu tu, na likipasuka linaua mtu. Sasa huo mgandamizo wa silinda unazuiwa na ringi za pistoni, na ringi lazima iwe na mwanya pale ncha zake zinapokutana, la sivyo ikipata moto itatanuka na kukwama. Kwa hiyo kila mlipuko, gesi kidogo inapenya na kushuka kwenye tumbo la injini, kule kwenye kranki na sampu ya oili. Injini ya silinda sita ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inalipua mara 6,000, yaani mara 100 kila sekunde. Kidogo mara 100 kwa sekunde siyo kidogo tena. Na ukiweka tabo, inayoshindilia hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, gesi inayopenya nayo inaongezeka. Tena tabo yenyewe inachangia kupitia sili zake, na hata kompresa ya breki za upepo ikichakaa nayo inasukumia upepo humo humo.

Ndiyo maana kila injini ina bomba la kupumulia, wengine wanaita briza. Gesi ile lazima itoke. Kwa hiyo injini kupumua siyo ugonjwa, hata mpya inapumua. Na kile kifuniko kinachoruka hakithibitishi kitu, mzee alisema injini nyingi nzima zimefunguliwa bure kwa sababu ya ngoma ya kifuniko. Swali ni inapumua kiasi gani, na inapumulia wapi.

Hapo nikaona zamu yangu imefika. Nikamwambia, kwa madaha kidogo, kwamba chuoni tuna kifaa cha kupimia kinaitwa manomita, mpira wa plastiki wenye maji uliopinda kama herufi U, na kwamba naweza kumchorea. Mzee akatabasamu. Akaingia kwenye kontena lake akatoka na mpira wa levo, ule mweupe unaoonyesha ndani, wanaotumia mafundi ujenzi kusawazisha msingi. Ulikuwa umefungwa kwenye ubao kwa waya kwa umbo la U, una maji yaliyotiwa rangi nyekundu, na pembeni ya ubao kapigilia futi kamba. Ncha moja ina kizibo cha mpira kinachoingia pale inapokaa stiki ya oili. Anao miaka mingi. Jina manomita hakuwahi kulisikia. Nikatamani ardhi inimeze.

Injini ikawashwa. Maji upande mmoja yakashuka, upande wa pili yakapanda, yakapanda, tofauti ikapita senti 40 na mzee akapiga kelele, "Zima! Zima!" Yalikuwa yanataka kumwagika. Nikapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi. Senti moja ya maji ni kama paskali 98. Senti 40 ni kama paskali 3,900. Mtu atasema hiyo ni ndogo, haifiki hata sehemu moja ya 20 ya mgandamizo wa hewa. Lakini sampu yenye upana wa senti 30 na urefu wa senti 80 inasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa karibu kilo 100, mifuko miwili ya saruji inaning'inia kwenye gasketi, saa zote, gari likitembea. Na sili ya kranki haikutengenezwa kuzuia upepo, kazi yake ni kuifuta oili isipite tu.

Tena sikieni hii ya tabo. Oili inaingia kwenye tabo kwa nguvu ya pampu, lakini inatoka kwa kudondoka tu yenyewe, inashuka na bomba nene kurudi kwenye sampu. Tumbo la injini likijaa upepo, ile oili inashindwa kushuka. Inajaa ndani ya tabo, inapenya sili, inaingia kwenye njia ya hewa na kuchomwa pamoja na dizeli. Ndiyo moshi wa bluu. Ndiyo oili inapotea na chini hakuna tone. Mzee akaongeza kwamba ikizidi, injini ya dizeli inaweza kuanza kujiendesha kwa oili yake yenyewe, unazima ufunguo haizimi, inapanda mzunguko mpaka inapasuka.

Dogo hakuuza hata kijiko.

Mzee akalifuata lile bomba la kupumulia kwa mkono, kutoka juu ya injini, likashuka pembeni ya chesisi, mpaka mwisho wake. Mwisho ulikuwa umezungushiwa mpira wa chubu na kukazwa kwa waya. Akafungua. Akavuta. Kikatoka kipande cha mti kilichochongwa vizuri, kimelowa oili, na upande mmoja bado kina rangi. Rangi ya bluu.

"Nani kafanya hivi?" mzee akauliza.

Mjomba akaangalia pembeni. Halafu akasema, "Sijui. Labda yule kijana niliyemfukuza."

Ndugu msomaji, mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale. Kisu nilikipeleka mimi. Fagio lile nimelifagilia uwanja. Na nilinyamaza. Nilifikiria ada, nilifikiria chumba ninacholala, nilifikiria kumwaibisha mtu mzima mbele ya mtu mzima mwenzake. Sababu zote nzuri. Lakini ukizikusanya pamoja zinazaa kitu kimoja tu, kwamba mtoto ametajwa mwizi mara ya pili na mimi ninayejua nipo pale nimeshika mkoba.

Mzee hakuendelea na hilo. Akatoa ule wavu wa chuma uliomo kwenye briza, ulikuwa umejaa masizi na ute wa oili, akauosha kwa dizeli. Akapima tena. Sailensa, tofauti ilikuwa senti mbili. Akikanyaga mafuta, kama senti tano. Akatenganisha kompresa ya breki kuona kama maji yatashuka, hayakushuka sana, maana yake kompresa haina kesi. Halafu akaomba Fuso lingine la aina ileile lililokuwa pale gerejini, akalipima kwa mpira uleule, likasoma karibu sawa. "Kila injini na kitabu chake," akasema, "lakini hii siyo ya oveholi. Imezeeka kama wewe na mimi, ila haijafa." Akasafisha bomba la oili ya tabo, sili ikabadilishwa mara ya mwisho, klachi ikasafishwa. Gharama haikufika hata robo ya ile ya kwanza.

Na yadi ya watu je? Mzee akafunga dumu dogo la plastiki kwenye chesisi, bomba likaingizwa humo, na juu ya dumu akatoboa matundu mawili makubwa. Matone yanabaki ndani, upepo unatoka. "Limwageni kila wiki. Na matundu haya mtu asiyazibe, na mwisho wa bomba muangalie tope na nyigu, nyigu wanapenda kujenga mahali kama hapo." Kazi ya dakika 20. Hicho tu ndicho kilichokuwa kinatakiwa tangu mwezi wa kwanza.

Usiku nilisoma soma mtandaoni nikakuta wenzetu nao walihangaika na upepo huu huu, ila kwa sababu nyingine, uchafuzi wa hewa. Magari mapya California yalianza kufungwa valvu ya kuurudisha upepo wa tumbo la injini kwenye silinda ukachomwe mwaka 1961. Malori ya dizeli yenye tabo Marekani yaliendelea kuachiwa kupumulia nje kwa miaka mingi, mpaka kanuni za injini za mwaka 2007 zilipotaka upepo huo nao udhibitiwe au uhesabiwe pamoja na moshi wa ekzosi. Sababu mojawapo ya kuchelewa ni hiyohiyo oili: ukiurudisha upepo kwenye tabo bila kuuchuja vizuri, oili inachafua tabo na njia ya hewa. Siku hizi baadhi ya malori ya Ulaya yana mtambo mdogo wa sahani zinazozunguka kasi, oili inatupwa pembeni na upepo unapita katikati. Ni kanuni ileile Msweden Gustaf de Laval aliyoitumia mwaka 1878 kutenga krimu na maziwa. Nilifurahi sana. Halafu nikakumbuka nimenyamaza, furaha ikaisha.

Kwa hiyo turudi njiani. Tulikuwa tunarudi ndani ya Fuso, mimi na Mjomba tu, Barabara ya Kilwa imejaa, tumesimama karibu na Mtongani. Moyo unadunda kuliko siku ya kusubiri matokeo. Nikasema, "Mjomba, samahani. Ule mti ni wa fagio letu."

Akanyamaza. Foleni ikasogea kidogo, akaingiza gia, akasogea, akasimama tena.

"Najua," akasema.

Basi. Nyumbani hakula. Mimi nikajifungia chumbani nikijua nimeharibu, kesho nitaambiwa nitafute hosteli. Asubuhi yake, Jumapili, akagonga mlango wangu. Kavaa shati la kanisani lakini hakwenda kanisani. Tukaenda Rangi Tatu. Mama mkubwa alitufungulia bila kutukaribisha. Dogo alikuwa anafua nguo uani. Akafuta mikono, akasema, "Shikamoo Mjomba," adabu yake ileile.

Mjomba hakuitikia kwanza. Akatoa mfukoni kile kipande cha mti, kakifunga kwenye karatasi, akakiweka juu ya karai. "Marahaba. Hiki nilikiweka mimi kwenye briza. Oili ilikuwa inaishia kwenye tabo. Wewe uliniambia moshi wa bluu, sikukusikia. Nimekukosea mwanangu, na nilikukosea mbele ya watu, kwa hiyo twende kwa hao watu nikaseme tena."

Mama mkubwa ndiye aliyeanza kulia. Dogo alikiangalia tu kile kipande, akakigeuza geuza, halafu akauliza, "Kumbe mwisho wa bomba ni kule chini?" Yeye alikuwa anajifunza gari, hata pale.

Hajarudi kazini. Alisema atafikiria, na nadhani ana haki ya kufikiria. Siku hizi anakwenda Tandika kwa yule mzee, anajifunza ufundi, na ndiye anayeshika ubao wa maji mekundu. Ada yangu imelipwa nusu, nusu nyingine mwezi ujao Mungu akipenda. Mjomba na mimi tunaongea kama zamani, isipokuwa sasa akichonga kitu nauliza anachonga nini, naye ananijibu.

Mimi bado sijamwambia Dogo kwamba pale gerejini nilinyamaza. Nimeandika hapa kwanza. Anasoma shajara hii huwa, akipata salio. Dogo, kama umefika mpaka hapa, nisamehe dada yako. Jumamosi nakuja na mihogo.

Wengine wote, tuonane wiki ijayo, nitawaandikia habari za maandalizi ya mazoezi ya kufundisha. Mada niliyoiomba ni kanieneo, na mpira wa levo nimeshanunua mita mbili.

Alamsiki.